Jina moja, ndimi nyingi Bungoma na Kitale

MAJINA ya ubatizo yanayotumika Bungoma na Kitale ni yale yale yanayopatikana kote nchini, ila matamshi yake hufuata lugha ya kwanza ya msemaji. David huwa Tafiti kinywani mwa mzee wa Kibukusu, Gideon akawa Kitioni na Zakayo akawa Sakayo. Wengi huyachukulia matamshi hayo kuwa dalili ya kukosa elimu. Sivyo, yana kanuni yake.

Katika Kibukusu, sauti d, g na j hutokea tu zikitanguliwa na sauti ya puani, yaani katika nd, ng na nj. Penginepo nafasi yake huchukuliwa na t, k na ch. Lugha hiyo haina v wala z, hivyo f na s hushika zamu. Ndiyo maana mtu yule yule asemaye Chona badala ya Jonah hulitamka bila taabu jina Wanjala, la mvulana aliyezaliwa wakati wa njaa, au Nanjala, la msichana, kwa sababu humo j imetanguliwa na n.

Ushahidi mzuri zaidi ni jina Barasa. Limetokana na neno la Kiswahili baraza, na alipewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mkutano. Z imegeuka s, wala hakuna anayeliita kosa, kwa kuwa ndivyo lilivyoandikwa katika vitambulisho. Tafiti hakupata bahati hiyo.

Kitale mambo ni mengi zaidi. Mji huo, ambao ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, ulikua katikati ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru mwaka 1963 ardhi hiyo ikavutia jamii nyingi. Wabukusu huishi hapo na Wanandi, Wasabaot, Wapokot, Waturkana na Wakikuyu. Lugha za Kikalenjin hazina f, kwa hiyo Philip husikika kama Pilip. Aidha, hazitenganishi ch na j, na hivyo jina moja la kike huandikwa Chebet hapa na Jebet pale, au Cherop na Jerop. Kwa baadhi ya Wakikuyu, l hugeuka r, na Lilian akaitwa Ririani.

Hata hivyo, wanaocheka nao huchekesha. Jina la Moses Wetang'ula, mwanasiasa wa Bungoma aliyechaguliwa Spika wa Bunge la Taifa mwaka 2022, lina sauti ile ile ya ng'ombe, lakini wageni wengi hulitamka kwa ng ya ngoma, na mara nyingi limechapishwa bila ritifaa. Bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500, Faith Chepng'etich Kipyegon, hupatwa na mkasa huo huo katika orodha za matokeo ya mbio.

Tatizo halisi huanza pale karani anapoandika alichosikia. Cheti cha ubatizo kikisema Jebet, kitambulisho kikasema Chebet, na hati ya shamba la marehemu babake ikamtaja Tafiti ilhali cheti cha kifo kinamtaja David, mrithi hulazimika kuthibitisha kwamba watu wanne ni wawili tu. Katika eneo ambako shamba ndilo mali kuu ya familia, herufi moja si jambo dogo.

Kwa kawaida mhusika huapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Anayetaka kuliacha jina moja kabisa huandikisha hati rasmi ya kubadilisha jina, na tangazo lake huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.