Dumuzi: Mdudu wa Amerika aliyevamia maghala ya Ukambani

Dumuzi ni mbawakawa mdogo anayetoboa mahindi makavu na muhogo mkavu hadi vikabaki unga. Wanasayansi humwita Prostephanus truncatus. Wakulima wengi wa Kenya humwita Osama. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati.

Barani Afrika alibainika kwanza katika eneo la Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1983 alipatikana Taveta, nchini Kenya, na baadaye akafika Makueni na Kitui.

Kumtambua si kazi ngumu. Urefu wake ni milimita tatu hadi nne, rangi yake ni kahawia iliyokoza, na mwili wake ni wa mviringo mithili ya kipande cha kijiti. Ukimtazama kutoka juu kichwa hakionekani, na sehemu ya nyuma ni kana kwamba imekatwa kwa kisu. Fukusi wa kawaida, kwa upande wake, ana mdomo mrefu uliochongoka.

Ili kuchora ramani ya maenezi yake, watafiti hutega mitego yenye harufu iliyoigwa kutoka kwa dume, ambayo huwavuta wenzake. Mitego hiyo ilifichua jambo zito: dumuzi huishi pia porini, mbali na mashamba, kwa kuwa hutoboa na miti mikavu. Hivyo, kusafisha ghala pekee hakummalizi.

Mwaka 1992 Kenya ilianza kuachilia adui wake wa asili, Teretrius nigrescens, mbawakawa mdogo anayefuata harufu hiyo hiyo na kula mayai na mabuu ya dumuzi. Hata hivyo, mkulima bado anahitaji kinga yake mwenyewe: kukausha mahindi vyema, kuyapukuchua mapema, kwani dumuzi hustawi zaidi yakiwa kwenye magunzi, na kuyahifadhi katika magunia yasiyopitisha hewa au maghala ya bati yaliyofungwa barabara.

Nchini Tanzania, upotevu uliopimwa katika baadhi ya maghala ya vijijini ulizidi asilimia 30 ya uzito katika muda wa miezi mitatu hadi sita. Ukambani, ambako mvua za masika hukosekana mara kwa mara, mavuno ya vuli ndiyo tegemeo la mwaka mzima. Huko, ghala likitobolewa, njaa huingia nyumba iliyovuna.