Kitanda cha Mfumi na Sindano ya Kroshia: Funzo la Tabora

Anayeanza kujifunza kroshia hufundishwa kwanza mnyororo: hufunga kitanzi, hukivika kwenye sindano yenye ndoano, kisha huvuta uzi kupitia kitanzi hicho, tena na tena, mpaka apate safu. Wengi huiona kazi hii kuwa ya kupitishia muda tu, ya vitambaa vya makochi na kofia za vichanga, isiyo na uzito mbele ya historia ya mji kama Tabora, uliokuzwa na misafara ya pembe na nguo. Mimi nashika rai tofauti. Historia ya uzi katika Unyamwezi, nchi inayouzunguka mji huo, inaonyesha kwamba kazi ya mikono haifi kwa sababu wenye mikono wameisahau. Hufa pale bidhaa ya kiwandani inapoweza kuifikia kwa bei ndogo. Kwa kipimo hicho, mishono ile michache ya mwanzo ni elimu ya maana kuliko inavyodhaniwa.

Wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860, Burton anaeleza jinsi Wanyamwezi walivyofuma nguo za pamba kwenye vitanda vyao vya kufumia. Wakati huo Marekani, ile nguo nyeupe ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, ilikuwa imezoeleka katika njia nzima, kwani Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na nchi ya Marekani tangu mwaka 1833. Nguo ilikuwa fedha. Hongo, yaani ushuru wa njia, ililipwa kwa nguo, na chakula cha wapagazi kilinunuliwa kwa nguo, zikipimwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane.

Hapa mtu atauliza: ikiwa nguo ya kigeni ndiyo iliyomwangusha mfumi, mbona Burton alimkuta bado kazini, katikati ya biashara iliyokwisha kushamiri? Jibu ni umbali. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi kidogo, naye alipaswa kulishwa njia nzima. Kila mtemi aliyepitiwa alidai hongo yake. Nguo ya Marekani iliyotoka Bagamoyo, pwani, ilizidi kuwa ghali kila kituo, hata ilipofika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ikawa nguo ya fahari na ya malipo zaidi kuliko ya kuvaliwa shambani. Umbali huo ndio uliokuwa ngao ya mfumi. Mwaka 1912 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora, na behewa moja likabeba mizigo ya mamia ya wapagazi; ngao hiyo ikaondoka. Lakini Ufipa, mbali na reli hiyo, ufumaji wa nguo za pamba uliendelea hadi ndani ya karne ya 20. Wafipa hawakuwa na pamba bora wala mikono myepesi kuliko Wanyamwezi. Tofauti kubwa naiona katika gharama ya kufikisha nguo ya dukani.

Je, kroshia nayo haitakutwa na yaleyale? Hapa ndipo mishono yenyewe inapotoa ushahidi. Katika mshono mfupi, sindano huingizwa kwenye tundu la safu ya chini, huvuta kitanzi, na vitanzi viwili vilivyopo hufungwa kwa mvuto mmoja. Katika mshono mrefu, uzi huzungushwa kwanza kwenye sindano, kisha vitanzi hufungwa viwiliviwili. Kila mshono hukamilishwa peke yake kabla ya unaofuata, na sindano huweza kugeuka upande wowote. Kitanda cha mfumi kilishindwa na mashine kwa sababu mwendo wake ni wa kurudiarudia. Lakini kroshia halisi mpaka leo hufanywa kwa mkono. Ni kweli kwamba ziko nguo za mashine zinazofanana nayo kwa macho, na ziko za mkono zinazoletwa kutoka mbali kwa bei ya kutupa. Ya kwanza ni mwigo wa sura. Ya pili inatuambia kwamba kuna fundi mahali fulani aliyelipwa kidogo. Zote mbili zinadai mnunuzi aelimishwe, wala hazimlazimishi fundi kuacha.

Wengine watasema kroshia si ya kwetu. Hata Ulaya ni changa: michoro yake ya mwanzo kuchapishwa ilitoka katika jarida la Uholanzi, Penélopé, mnamo 1823, na katika njaa kuu ya Ireland iliyoanza 1845 masista waliwafundisha wanawake maskini wapate chakula. Tabora yenyewe haijawahi kukataa kilicholetwa na njia: miembe yake ilitoka huko huko.

Basi vyuo vya ufundi na vikundi vya akina mama vifundishe mnyororo, mshono mfupi na mshono mrefu kwa uzito uleule wa cherehani, na katika darasa hilohilo vifundishe kukokotoa gharama ya uzi na thamani ya saa za kazi. Mfumi wa Unyanyembe alilindwa na umbali, na umbali ukaondolewa. Fundi wa kroshia analindwa na ustadi wake mwenyewe, mradi asikubali kuuuza kwa hasara.