Uundaji wa mhusika katika Empire
Ni hatua ambayo mchezaji wa Empire hujitungia mtu wa kubuni atakayemwigiza uwanjani. Empire, mchezo wa njozi unaoendeshwa Uingereza na kampuni ya Profound Decisions tangu 2013, huchezwa kwa siku kadhaa kambini. Kwanza huchaguliwa taifa moja kati ya 10 ya kubuni ya mchezo huo. Huu ndio uamuzi mzito kuliko yote, kwani taifa hubeba mavazi, majina, desturi na hata sababu za ugomvi. Kisha mchezaji hununua stadi kama utabibu, uchawi au kutumia ngao kwa alama chache za uzoefu. Wasifu wa awali yafaa uwe mfupi: yanayomjenga mhusika hasa hutokea mchezoni, mbele ya wenzake.