Gari la Mwaka Gani? Kalenda ya Magari Kutoka Detroit Hadi Kalemie

Tarehe 17 Aprili 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia mjini New York, kampuni ya Ford ilizindua Mustang. Bei ilianzia dola 2,368, na siku hiyo ya kwanza peke yake oda zilifika kama 22,000. Mwaka ulikuwa 1964 kwa kila aliyekuwapo, lakini hati za gari zilisema 1965. Miezi miwili baadaye, Juni 1964, wapiganaji wa Simba, waasi wa Kongo, waliuteka mji wa Albertville, yaani Kalemie ya leo, na Jason Sendwe, rais wa jimbo la Katanga Kaskazini, akauawa. Jeshi la serikali liliurudisha mji mwishoni mwa Agosti. Nayaweka matukio haya bega kwa bega kwa makusudi. Kule Michigan mfanyabiashara aliweza kuuandika mwaka ambao haujafika na watu wakaupokea kwa foleni. Huku kando ya Ziwa Tanganyika, mwenye motokari hakuwa na hakika kama atalala nayo.

Historia ya magari Kalemie kwa kawaida husimuliwa kwa barabara mbovu na reli iliyochoka. Mimi naona njia nyingine ya kuisimulia, nayo ni ule mwaka ulioandikwa kwenye gari: nani aliuandika, kwa faida ya nani, na ukifika bandarini kwetu unabaki na maana gani.

Mwanzoni mwaka haukuwa na uzito. Henry Ford alitoa Model T Oktoba 1908 akaitengeneza hadi Mei 1927, magari milioni 15, na kuanzia 1914 hadi 1925 yakiwa meusi yote. Alirekebisha alichoona kina kasoro, lakini hakumwambia mteja kwamba gari lake la juzi limezeeka. Aliyeileta fikra hiyo kwa nguvu ni Alfred Sloan, aliyeshika urais wa General Motors mwaka 1923. Chevrolet zikaanza kubadilishwa sura mwaka kwa mwaka, na mwaka 1927 kampuni ikafungua idara maalumu ya umbo na rangi chini ya Harley Earl. Injini ilibaki ileile, chesisi ileile, ila pua na taa zikawa ngeni. Jirani akipita na la mwaka huu, la kwako la mwaka jana linaanza kukutia aibu. Ford alishindana na jambo hilo hadi akasalimu amri: alifunga kiwanda kwa miezi kadhaa, na tarehe 2 Desemba 1927 akatoa Model A, ikiuzwa kama gari la 1928.

Mkono wa serikali nao uliingia. Siku hizo modeli mpya zilionyeshwa Januari, na viwanda vilikuwa vikiajiri na kufukuza watu kwa mkupuo mmoja. Januari 1935 Rais Roosevelt alirekebisha kanuni za sekta hiyo ili modeli zitangazwe miezi ya mwisho wa mwaka uliotangulia, kazi isambae vizuri zaidi. Mahakama ya Juu iliifuta sheria mama mwezi Mei mwaka huohuo, lakini maonyesho ya New York yalifanyika Novemba 1935 vilevile, na desturi ikashika mizizi. Leo kanuni za Marekani za moshi wa magari zinaruhusu gari la 2025, kwa mfano, kuanza kutengenezwa tangu tarehe 2 Januari 2024. Ndiyo sababu mtu huko anaweza kununua gari la mwakani akiwa bado anaandika mwaka huu kwenye hundi.

Magari ya mbio ndiyo yaliyouchezea mwaka kuliko yote, kwa kuwa mnunuzi wake hununua sifa kwanza na usafiri baadaye. Corvette ya 1983 ni kisa cha kuchekesha. General Motors walichelewa kumaliza kizazi cha nne, wakatengeneza magari 43 ya majaribio, kisha wakaamua kuyaruka na kuanza kuuza Machi 1983 kwa jina la 1984. Yale 43 hayakuuzwa hata moja. Limebaki moja tu, jeupe, kwenye jumba la makumbusho la Bowling Green, Kentucky. Kwa hiyo mwaka mzima ulifutika katika ukoo wa gari lile.

Wajapani walichagua njia nyingine. Mitsubishi walipoitoa Lancer Evolution Oktoba 1992 waliihesabu kwa namba za Kirumi: ya pili Januari 1994, ya tatu Januari 1995. Kilichopanga ratiba hiyo kilikuwa kanuni ya mashindano ya rali, iliyodai maelfu ya magari ya aina ileile yawe yametengenezwa ndani ya miezi 12 kabla ya kukubaliwa. Matokeo yake Afrika Mashariki ililiona gari jipya likiwa bado na joto la kiwanda. Datsun 240Z, iliyotolewa mwishoni mwa 1969, ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Evolution ya tatu ilishinda 1996 na Tommi Mäkinen. Kwa siku chache za kila mwaka, Nairobi haikuwa nyuma sana ya Tokyo.

Kalemie haikupata bahati hiyo, ingawa kwa ramani ya wakoloni mji ulikuwa njia panda. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Upande wa pili, reli ya kampuni ya CFL kutoka Kabalo ilifika Albertville mwaka 1915, katikati ya vita. Baada ya vita, mkataba wa 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo yao wenyewe ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ndiyo Belbase, ili mzigo wa Kongo ya mashariki upite pasipo ushuru wa Waingereza. Motokari iliyotoka Ulaya kwa njia hiyo ilishushwa Dar, ikapanda behewa, ikavuka kama kilomita 120 za ziwa, na hapo ndipo ikakanyaga Albertville. Njia nyingine ilikuwa Matadi na Mto Kongo, pamoja na mlolongo wa treni na meli za mtoni. Reli ya CFL yenyewe ilikuwa na upana tofauti na ile ya Katanga kusini hadi ilipobadilishwa mwaka 1955, na mwaka uliofuata kipande cha Kamina hadi Kabalo kikaunganisha mji na Elisabethville, Lubumbashi ya leo.

Magari mengi ya Kimarekani yaliyouzwa kwa Wabelgiji hayakutoka Marekani yakiwa mazima. Ford walikuwa na kiwanda cha kuunganisha Antwerp tangu 1922, na General Motors walianza kuunganisha Chevrolet hapohapo mwaka 1925. Hebu fuata safari: umbo jipya linatangazwa Detroit, vipande vinavuka Atlantiki, vinaunganishwa Antwerp, gari linapanda meli tena kuja Afrika. Likifika ziwani, Detroit wameshatangaza jingine. Upya wa Sloan ulikuwa umepangwa udumu miezi 12, na njia ilikuwa ikiula kabla gari halijapata namba. Msimamizi wa reli aliyepewa Chevrolet mpya Albertville alikuwa, kwa kipimo cha New York, mtu wa mwaka jana. Sidhani kama alijali. Kwa wenyeji waliokuwa wakipakua mabehewa gari lilikuwa la mzungu, na mwaka wake haukuwahusu kwa kuwa bei yake haikuwahusu.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika haraka kuliko modeli. Katika miaka ya 1970 General Motors waliunganisha magari Kinshasa, na kwa muda ilionekana kana kwamba Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ingekuwa na gari lake jipya bila kungoja meli. Lakini tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuzipeleka biashara za wageni mikononi mwa raia, na maduka mengi, ya magari na vipuri yakiwamo, yalipata wenyewe ambao hawakuwa na wa kuwakopesha bidhaa. Gari bila vipuri huzeeka upesi kuliko kalenda yoyote. Kufikia miaka ya 1980, katika miji ya mbali na Kinshasa, kuuliza gari ni la mwaka gani kulikuwa mzaha. Swali la maana lilikuwa kama linawaka.

Kisha yakaja magari ya mtumba ya Japani. Hapa ndipo mwaka ulipopata maana mpya kabisa, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mnunuzi wa Kalemie hudanganywa kwa urahisi zaidi na tarakimu kuliko na injini.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani tangu modeli za 1981 lina namba ya alama 17, na alama ya kumi hutaja mwaka: L ni 2020, M ni 2021, P ni 2023, kwa kuwa herufi O na Q zimeachwa zisichanganywe na sifuri. Gari la soko la ndani la Japani halina namba hiyo. Lina namba fupi ya chesisi inayotaja aina, kama NCP60 kwa Toyota ist, ikifuatwa na namba ya mfululizo. Mwaka haumo. Unachokuta kwenye cheti cha kusafirisha gari ni mwezi lilipoandikishwa kwa mara ya kwanza, na mara nyingi kwa kalenda ya wafalme wa Japani. Heisei 19 ni 2007, kwani unajumlisha 1988. Reiwa 2 ni 2020, unajumlisha 2018. Gari linaweza kutengenezwa Oktoba, likakaa kwa muuzaji, likaandikishwa Februari. Tayari lina miaka miwili, na yote ni ya kweli.

Likishushwa Dar es Salaam huwa gari la IT, la kupita tu. Dereva wa IT hulipeleka hadi Kigoma, likapanda boti kwenda Kalemie, au hulipeleka Tunduma kuelekea Zambia na Lubumbashi. Usukani wake uko kulia, nasi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva anayetaka kulipita lori humwomba abiria achungulie. Duane, yaani forodha, hutaka karatasi, na karatasi husema mwaka. Tangu hapo mwaka huacha kuwa wa fahari, huwa wa ushuru.

Nchi jirani zimeliandika jambo hilo katika sheria. Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka minane: mwaka 2025, kwa mfano, lilitakiwa liwe limeandikishwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye, na tofauti kati ya mwaka wa kutengenezwa na wa kuandikishwa isizidi mmoja. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikatazi, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka minane, na mkubwa zaidi likizidi kumi. Watu nao wana kalenda yao ya mtaani: Dar utasikia gari la namba D au namba E, na Nairobi KDA, iliyoanza 2020, ina heshima yake hata bodi ikiwa ya 2013. Marekani imeigeuza hesabu juu chini. Gari la kigeni lisilokidhi kanuni zake za usalama huruhusiwa kuingia likifikisha miaka 25, hivyo Nissan Skyline GT-R ya 1989 iliingia kihalali mwaka 2014 na bei yake ikapaa. Uzee unaolifanya gari lizuiwe Mombasa ndio unaolifungulia mlango Los Angeles.

Kuhusu gari la nguvu, kila mji una lake. Evolution haiwezi kuimaliza njia ya Kalemie kwenda Nyunzu wakati wa masika, wala ile ya kupanda Bendera kuelekea Fizi. Gari la nguvu la kwetu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotolewa Novemba 1984 na ambayo bado inatengenezwa. Ilijaa mjini na vita vya 1996 hadi 2003, ikija na mashirika ya misaada na MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, mara nyingi nyeupe na yenye waya mrefu wa redio mbele. Haikuwahi kufuata kalenda ya Sloan. Mabadiliko yake makubwa yanahesabika kwa vidole: injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2 bila turbo, mwaka 1990. Springi za koili mbele mwaka 1999, HZJ75 ilipoziachia nafasi HZJ78 na HZJ79. Pua mpya mwaka 2007.

Ndiyo maana fundi wa Kalemie, ukimpelekea moja, hukuuliza ni HZJ ngapi, na jibu humwambia ni pampu gani, springi zipi na kipi cha gari lililokufa kitaingia humo. Mwaka 2023 Toyota waliipa sura nyingine yenye taa za duara, kama zile za 1984, na katika baadhi ya nchi injini ya lita 2.8. Kwa anayetazama kwa mbali, la mwisho kutoka kiwandani linafanana na la kwanza. Fundi hataamini sura wala karatasi ya duane. Atafungua boneti, apanguse tope kwenye kibati cha chesisi, asome.