Skii za Kitambi: Stori ya Watu Waliochekwa Hadi Theluji Ikawapa Haki

Wiki mbili zilizopita cuzo wangu aliye Calgary alinitumia picha mbili. Jozi mbili za skii za mtumba, bei karibu sawa. Moja nyembamba, ndefu, inang'aa, ina rangi za mashindano. Nyingine pana kama ubao wa kukatia sukuma, imechubuka, na imepinda juu mbele na nyuma kama mtumbwi. Chini akaandika: "Buda, wewe husoma soma vitu. Nichukue gani? Jumamosi tunaenda mlimani na theluji imeanguka siku tatu mfululizo."

Mimi, mtoto wa Umoja. Theluji pekee nimewahi kushika ni ile ya friji ya mathe.

Nilifikiria nitampa jibu kwa dakika tano. Nikalala saa tisa usiku. Kumbe nyuma ya hizo skii pana kuna historia moja kali sana, na nimeona nisiiweke peke yangu.

Tuanze na theluji yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaiona kwa movie tu. Kwenye sehemu za watalii kuna mashine zinazopita usiku zikiipondaponda mpaka inakuwa ngumu kama barabara ya murram iliyoshindiliwa. Lakini ikianguka mpya na baridi iwe kali, inakaa laini, imejaa hewa. Wanaiita unga, na jina limefaa. Chukua pakiti ya unga wa ugali, mwaga kwa karai, kisha simamisha kijiko kwa ncha. Kinazama. Sasa ulaze mwiko juu yake. Unakaa. Hiyo ndiyo fizikia yote ya leo: uzito ule ule, ukitandazwa juu ya eneo kubwa, hauzami.

Ngamia wa Marsabit anajua hii. Dereva wa lori anayepunguza upepo wa tairi akifika kwenye mchanga pia anajua.

Na watu wa zamani walijua. Kwenye milima ya Altai, upande wa Xinjiang, China, kuna jamii ambazo mpaka leo zinachonga skii za mbao, pana, na kuzifunika chini kwa ngozi ya farasi. Manyoya yanalala kuelekea nyuma, kwa hivyo ukishuka unateleza, ukipanda yanashika. Hawakufanya hivyo kwa raha. Ni usafiri, na ni kuwinda.

Kuna njia ya pili ya kupata eneo kubwa: badala ya upana, ongeza urefu. Hapa kuna jamaa mmoja lazima nimtaje. Jon Torsteinson Rue alizaliwa Telemark, Norway, mwaka 1827, akahamia Marekani akiwa mtoto, na huko wakamwita Snowshoe Thompson. Kuanzia 1856 alibeba barua kuvuka milima ya Sierra Nevada, kutoka Placerville, California, mpaka Genoa, karibu kilomita 145, katikati ya baridi, kwa skii alizojitengenezea zenye urefu wa mita tatu hivi. Siku tatu kwenda, mbili kurudi. Alifanya hiyo kazi kwa miaka karibu 20. Mshahara? Alienda mpaka Washington kudai pesa zake. Hakupewa. Alikufa 1876 bado anaidai serikali. Ukidhani kuzungushwa na malipo ni kitu cha Nairobi, hapana.

Sasa, ikiwa watu walishajua skii pana au ndefu ndizo zinaelea, kwa nini mpaka miaka ya 1980 wateja walikuwa wanauziwa vijiti?

Jibu langu ni mashindano. Sondre Norheim, fundi na bingwa wa Telemark kwenye karne ya 19, anasifiwa kwa kuipa skii kiuno: pana mbele, nyembamba katikati, pana kidogo nyuma. Ukiilaza upande, ule mviringo wa kando unakupeleka kwenye kona. Kitu safi kabisa. Kwenye theluji ngumu inakata kama kisu. Baadaye zikaja lifti za kupandisha watu mlimani, mashine za kuponda theluji, mbio za kupimwa kwa saa. Pesa na heshima zote zikaenda kwa skii ya mbio. Ile ile ikageuka kuwa skii ya kila mtu, hata wa kwenda kwenye unga. Kufikia miaka ya 1980 skii ya kawaida ilikuwa na mita mbili, na kiuno chini ya mm 70.

Nilipiga hesabu ya haraka, tena ya makadirio. Skii ya sentimita 200 yenye upana wa wastani wa sentimita 8 ina eneo la sentimita 1,600 za mraba. Mbili ni 3,200. Mtu wa kilo 80 akisimama, kila sentimita ya mraba inabeba gramu 25. Sasa chukua skii fupi zaidi, sentimita 185, lakini upana wa wastani uwe 12.5. Mbili zinakaribia 4,600, na kila sentimita inabeba gramu 17 hivi. Mtu ni yule yule, na hajapunguza hata kilo moja.

Lakini mwalimu wa skii wa enzi hizo hakukuambia hivyo. Alikuambia hujui. Kwenye unga, ncha ya skii nyembamba ilikuwa inazama, na mwenyewe anaenda kichwa mbele. Kwa hivyo ulifundishwa kubana miguu pamoja, kuegemea nyuma, na kuruka ruka juu chini kila kona mpaka mapaja yanawaka moto. Wachache walioweza wakawa wafalme. Wengine wakaambiwa wazoee.

Hii iliniuma kidogo. Nikiwa shule, mwalimu wa michezo aliniambia sina mwili wa kukimbia. Nilikuwa nakimbia na raba za brathe, namba tisa, na mimi navaa saba. Nimejaza gazeti mbele. Hakuna siku hata moja aliangalia miguu yangu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mhandisi wa kampuni ya Atomic ya Austria, Rupert Huber, aliangalia miguu. Wakati huo vijana walikuwa wameanza ule ubao mmoja mpana wa kusimama kando, na kwenye unga walikuwa wanapepea tu bila stress. Stori inayosimuliwa ni kwamba Huber alichukua ubao kama huo akaukata katikati kwa msumeno, akapata skii mbili. Zikatoka sokoni kwa jina Powder Plus, upana zaidi ya mm 110, na watu wakazipa jina la Fat Boy. Sisi tungeziita skii za kitambi.

Zilipata kazi British Columbia, Kanada, ambako wateja hupelekwa juu ya milima kwa helikopta. Biashara hiyo ilianzishwa na Hans Gmoser mwaka 1965 kwenye milima ya Bugaboos. Fikiria umelipa pesa mingi, helikopta imeondoka, na mzee mmoja kwenye kundi anaanguka kila mita 20. Kila mtu anamngojea. Ukimpa skii za kitambi anashuka na wengine. Waongozaji wakazipenda. Lakini mabingwa wakacheka: eti ni skii za matajiri wazee wasiojua. Kwa miaka kadhaa, kuvaa kitu kirahisi kilikuwa ni kama kukiri umeshindwa.

Hapo ndipo anaingia Shane McConkey, mzaliwa wa Vancouver, fundi na mcheshi kwa wakati mmoja. Mwaka 1996 akiwa kwenye baa huko Las Leñas, Argentina, alichora wazo lake kwenye tishu ya mezani. Alikuwa ameona kwamba upana peke yake hautoshi. Skii ya kawaida ina makosa mengine mawili kwenye unga. Kwanza, ina upinde: ukiiweka chini, katikati imeinuka na ncha zinagusa. Kwenye theluji ngumu hiyo ni nzuri, inabana ncha zishike. Kwenye unga inasukuma ncha ziende chini. Pili, kile kiuno. Mbele ikiwa pana kuliko katikati, theluji laini inaishika ile sehemu na kukupeleka usikotaka.

Wazo lake: pindua kila kitu. Ncha zipinde juu kama mashua, na katikati ndipo pawe papana zaidi. Ondoa kiuno, weka tumbo. Alikuwa amegundua kuwa kifaa kama hicho kipo tayari, ila cha maji: zile skii za kuvutwa na boti. Unga unatenda kama maji kuliko barafu. Kwa hivyo mwaka 2001 alifunga vibano vya buti kwenye skii za maji, akapanda mlima wa Alaska, akashuka. Zikafanya kazi.

Miaka hiyo yote watu walikuwa wanamcheka. Mwishowe kampuni ya Volant, kupitia mhandisi wake Peter Turner, ikakubali, na mwaka 2002 Spatula ikatoka: mm 125 chini ya mguu. McConkey mwenyewe aliwaandikia wanunuzi maelezo, kwa sababu zilikuwa zinahitaji usahau ulichofundishwa. Huegemei nyuma tena. Unasimama wima katikati, na ukitaka kupunguza mwendo unazigeuza kando zikateleza, kama vile dereva wa matatu anavyoachia mkia kwenye matope. Mwaka 2006 K2 wakatoa Pontoon yake, mm 130 chini ya mguu. Baada ya hapo karibu kampuni zote zikafuata. Hakuna aliyecheka tena.

Sitaki kumfanya McConkey malaika wa vifaa. Spatula kwenye theluji ngumu ilikuwa balaa. Ikilala kwenye barabara ngumu inagusa sehemu ndogo tu katikati, kwa hivyo unazunguka kama kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana skii nyingi za unga za siku hizi ni mapatano: mm 105 hadi 120 hivi, ncha zimepinda juu, lakini katikati wamerudisha upinde kidogo na kiuno kidogo ili uweze kufika nyumbani. Na hata hizo, kwenye barafu ni nzito kuzilaza upande, na magoti yako yatakuambia. Wembamba nao haukuwa ujinga. Philip Boit alipomaliza wa mwisho kwenye kilomita 10 huko Nagano 1998, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya baridi, na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja amkumbatie, wote wawili walikuwa kwenye skii nyembamba kabisa. Njia ilikuwa imetengenezwa, na ya kukimbia. Hapo kitambi kingemuua mtu.

Kuna bei nyingine, na hii ndiyo ilifanya nisimjibu cuzo haraka. Kifaa kikifanya kitu kigumu kiwe rahisi, watu wengi zaidi wanafika mahali ambapo ugumu ulikuwa unawazuia. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo tamu kwa unga, na ndiyo hiyo hiyo inayoporomoka. Ukifukiwa na theluji, nafasi yako ya kutoka hai inashuka vibaya baada ya dakika 10 hadi 15. Skii pana haikuambii lolote kuhusu tabaka dhaifu lililo chini yako. Inakupa raha, na raha inafanya ujione unajua.

McConkey hakufa kwa maporomoko. Tarehe 26 Machi 2009, kwenye milima ya Dolomites, Italia, aliruka kutoka kwenye genge akiwa na skii na suti ya kupaa. Mpango ulikuwa azitoe skii hewani. Zikakataa kutoka kwa wakati. Alipofanikiwa kuzitoa, hakukuwa na nafasi ya kufungua parachuti. Alikuwa na miaka 39, mke, na binti mdogo. Mtu aliyewarahisishia mamilioni mlima aliuliwa na kibano cha buti.

Kwa hivyo nilimwandikia cuzo hivi: "Usinunue yoyote sasa. Hizo nyembamba ni za mbio, zitakuzamisha Jumamosi utafikiri shida ni wewe. Hizo pana ni sawa kwa siku hiyo moja, lakini siku nyingi utakuwa kwenye theluji ngumu na bado unajifunza. Kodisha pana Jumamosi. Fundi wa duka apime kibano kwa uzito wako na buti zako, usijifanyie. Na usivuke kamba. Hata wenzako wakivuka. Nasema hivi kama kaka yako."

Akajibu "sawa mzee wa Umoja". Jumamosi usiku akanitumia video ya sekunde kama 11. Ameanguka mara mbili ndani ya hizo 11. Lakini katikati, kwa sekunde tatu hivi, anaelea. Unamsikia akicheka peke yake.

Alivuka kamba? Anasema hapana. Nimeamua kumwamini.

Swali langu kwako ni hili: ni kitu gani uliambiwa hukiwezi, na baadaye ukagundua raba ndizo zilikuwa namba tisa? Niandikie hapo chini. Nitasoma zote.