Ugonjwa wa Wafalme, Mguu wa Kuli

Vitabu vya Ulaya vinasema jongo ni ugonjwa wa wafalme. Mimi niliuona mara ya kwanza Igogo, kwenye mguu wa kuli.

Kuli huyo ni mjomba wangu. Mwaka 1996, miezi michache baada ya MV Bukoba kuzama, aliamka usiku wa manane akipiga yowe. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba kama kiazi, ngozi imevutika inang'aa, moto kama pasi. Shuka likigusa tu, analia. Mtu mzima, baba wa watoto watano, analia! Na jana yake alikuwa mzima kabisa. Alibeba magunia bandari ya Mwanza Kusini toka asubuhi, jioni akapitia kilabuni akapata bia zake mbili tatu, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakujikwaa, hakuangukiwa na kitu. Sasa balaa hili limetoka wapi?

Ndugu msomaji, kama unaijua Igogo unajua nyumba zetu zilivyo. Zimepanda mlima, zimekaa juu ya mawe, na njia ya kwenda kwako ni kuruka jiwe hadi jiwe. Mtu asiyeweza kukanyaga, huko juu ni mfungwa. Siku nane mjomba alikaa kitandani. Siku ya tisa uvimbe ukaywea wenyewe, akashuka kwenda kazini, tukasahau. Hapo ndipo palipo na ujanja wa jongo: linakuja bila hodi, linaondoka bila kuaga, na wewe unadhani limekwisha.

Wazee wa zamani waliujua ujanja huo. Wagiriki wa enzi za Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, waliliita podagra, mtego wa mguu. Waarabu waliliita nikrisi na kulitibu kwa kiazi cha ua waliloliita suranjani. Ua hilo hilo tayari lilikuwa limeandikwa na tabibu Alexander wa Tralles katika karne ya 6, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa ndani yake dawa tunayoiita leo kolichisini. Yaani dawa moja, mgonjwa yule yule, miaka zaidi ya 1,400.

Lakini kutuliza si kujua. Mwaka 1679 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft aliyejitengenezea hadubini, alitazama chokaa iliyotoka kwenye uvimbe wa mgonjwa wa jongo. Akaona vitu vyembamba, vyenye ncha, kama vijisindano. Alivyoviona hakuvijua ni nini. Mwaka 1776 Carl Scheele wa Sweden akaigundua asidi ya yuriki katika vijiwe vya kibofu. Mwaka 1797 Mwingereza Wollaston akaikuta ndani ya uvimbe wa jongo. Mwaka 1848 Alfred Garrod wa London akaonyesha kwamba wagonjwa hawa damu yao imejaa asidi hiyo. Ilichukua karibu miaka 170 kutoka kuona sindano hadi kujua zinatoka wapi.

Zinatoka wapi basi? Mwili unapovunjavunja vitu viitwavyo purini, vya kwake wenyewe na vya chakula, unabaki na asidi ya yuriki. Kazi ya kuitoa ni ya figo hasa. Figo zikishindwa, asidi inajaa damuni, na ikizidi kiasi inaganda kuwa chembe ngumu zenye ncha. Hupenda kuganda penye baridi, mbali na moyo: kwenye kidole gumba cha mguu, usiku. Askari wa mwili wakiziona wanadhani ni adui, wanawasha vita. Moto ule wa mguuni ndiyo vita yenyewe.

Sasa ule ufalme umetoka wapi? Umetoka kwa waandishi. Aliyekuwa na pesa za kumwita daktari ndiye aliyeandikwa kitabuni, na aliyekula nyama na kunywa mvinyo kila siku ndiye aliyekuwa na pesa. Hata Thomas Sydenham, daktari Mwingereza aliyeandika kitabu maarufu cha jongo mwaka 1683, naye akiwa mgonjwa, alijifariji kwamba ugonjwa huu unawapata zaidi matajiri na wenye akili. Habari hiyo ikasafiri na meli za wakoloni. Madaktari wa enzi ile waliandika kwamba kwa Mwafrika jongo ni nadra. Basi daktari akifundishwa kwamba kitu ni nadra, hakitafuti. Na asipokitafuta, kinazidi kuwa nadra vitabuni, huku sisi tunaruka kwa mguu mmoja.

Nasi hatukuwa mbali na hospitali. Bugando iko juu ya kilima chake toka mwaka 1971, jengo refu linaonekana na kila mtu. Lakini kutoka Igogo hadi kwa daktari bingwa kuna ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya mkoa, ndiyo rufaa. Na tangu mwaka 1993 serikali ilipoanzisha kuchangia gharama, hospitali nazo zina risiti zake. Kibarua wa kulipwa kwa siku hupigi foleni siku tatu kwa ugonjwa utakaoondoka wenyewe siku ya nane. Unakwenda duka la dawa. Mjomba alikwenda duka la dawa. Alipewa diklofenaki, akapona. Ukarudi, akapewa tena. Ilifika wakati anavibeba vidonge mfukoni kama peremende. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo inatuliza moto lakini haitoi hata sindano moja, na ikitumiwa ovyo miaka mingi inaumiza tumbo na figo. Figo zile zile zinazotakiwa kuitoa ile asidi!

Mara moja alikwenda zahanati fulani, mguu umewaka. Wakapima damu: yuriki sawasawa. "Si gauti," wakamwambia. Kumbe wakati wa shambulio kipimo hicho huweza kushuka kikaonekana cha kawaida, na hupaswa kurudiwa wiki kadhaa baadaye. Akarudi nyumbani na mguu usio na jina.

Hapa, msomaji, naomba tusimame kidogo. Ugonjwa usio na jina hutafuta mtu. Mwaka 1999 mguu ulikuwa unavimba kila baada ya miezi miwili, mara hiki kifundo, mara goti. Shemeji zake wakasema amekanyaga dawa. Wakampeleka kwa mganga, na mganga akasema ni mwanamke, mzee, jirani, anakaa upande jua linakozama. Upande huo alikaa bibi mmoja mjane, mkaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi.

Kwa msomaji wa mbali hicho ni kichekesho. Kwa Usukumani si kichekesho. Katika miaka ya 1980 na 1990 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilizika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya mganga. Bibi alijua. Vijana walipoanza kunyamaza kila akipita, hakungoja. Asubuhi moja ya mwaka 2000 tulikuta mlango umefungwa kwa kamba. Alikuwa amepanda meli kwenda kwa binti yake Ukerewe, kaacha hata karai lake la kukaangia.

Mguu uliendelea kuvimba vilevile.

Dawa ya kweli wakati huo ilikuwa duniani tayari. Marekani, Gertrude Elion na George Hitchings walikuwa wakitafuta dawa za saratani. Elion alichagua sayansi baada ya babu yake kufa kwa saratani yeye akiwa na miaka 15. Katika kazi hiyo walipata alopurinoli, dawa inayozuia mwili kutengeneza asidi ya yuriki. Ilikubaliwa kutumika kwa jongo mwaka 1966, na mwaka 1988 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel pamoja na James Black. Vidonge vyake si vya gharama ya kutisha. Mwaka 2004 mjomba alipewa. Wiki ya pili mguu ukawaka kuliko siku zote, akavitupa chooni. "Dawa gani inaleta ugonjwa?"

Jibu alilipata mwaka 2007, kwa kijana mmoja aliyevaa koti jeupe lililomzidi ukubwa. Mimi ndiye niliyempeleka. Tulizoea daktari anayeandika bila kuinua kichwa. Huyu aliweka kalamu chini.

"Mzee, achana na leo kwanza. Mara ya kwanza ulivimba lini?"

Mjomba akaanza na MV Bukoba. Kijana akauliza ulianzia wapi, ukakaa siku ngapi, na katikati alikuwaje. Akashika masikio yake na viwiko kutafuta vinundu. Akauliza dawa zote alizomeza, mpaka za mganga. Akapima figo. Kisha akachoma sindano gotini, akatoa maji ya manjano, akayaweka chini ya hadubini. Akaniita nichungulie. Niliona vijisindano. Nilikuwa sijamsikia bado Leeuwenhoek, lakini niliona alichokiona.

"Mzee, hujarogwa. Hii ni gauti, na inatibika."

Akaeleza kile ambacho hakuna aliyeeleza. Kwamba alopurinoli huanzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole, huku damu inapimwa mpaka yuriki ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Kwamba sindano za zamani zinapoanza kuyeyuka mashambulizi huweza kuongezeka, ndiyo maana miezi ya mwanzo unapewa kinga, kama kolichisini kidogo. Kwamba ukitokwa na upele unaacha mara moja na kurudi hospitali. Na kwamba dawa hii unaimeza siku ambayo huumwi, miaka yote. Bia apunguze, maini na dagaa ajipimie, maji anywe. Lakini asijilaumu, chakula ni sehemu tu, figo na damu ya ukoo ndiyo kubwa.

Wengi huniuliza daktari bora wa jongo ni nani, kama vile nina jina mfukoni. Sina. Najua dalili zake tu. Ni yule anayeuliza historia. Ni yule anayetibu siku tulivu, si usiku wa yowe peke yake, na anayetaka urudi hata kama umepona. Nawe mgonjwa una kazi yako: andika tarehe, kiungo kipi, siku ngapi, ulimeza nini. Daftari la shilingi chache lingemwokolea mjomba miaka kumi na moja.

Mwaka 2009, baada ya mwaka mzima bila kuvimba, alipanda meli kwenda Nansio na kilo mbili za sukari na doti ya khanga. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akamkaribisha kiti.

"Mguu umepona, baba?"

"Umepona, mama."

Mjomba anasema walikaa muda mrefu wakitazama ziwa. Alimwomba arudi Igogo. Bibi alitikisa kichwa. Karai lake tunalo mpaka leo.