Songea Mbano: Jina Lililobaki na Kichwa Kilichochukuliwa

Wapenzi wa tenzi hawahitaji kuelezwa Vita vya Maji Maji kana kwamba ni habari ngeni. Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, alivitungia utenzi mrefu ambao ulichapishwa kitabuni mwaka 1957, na Ebrahim Hussein akaviandikia tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969. Lakini vita hivyo, vilivyozuka katika vilima vya Umatumbi Julai 1905, vilikwenda kumalizikia mbali na harufu ya bahari, katika nyanda za Ungoni. Huko aliwahi kuishi mtu ambaye jina lake tunalitaja kila tutajapo ramani ya kusini, ilhali wengi wetu hatujui kuwa lilikuwa jina la mtu.

Songea Mbano hakuwa mfalme. Yafaa hili lisemwe mapema, kwani hutatanisha. Wangoni walikuja kutoka kusini mwa Afrika wakiwa na Zwangendaba, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na alipofariki kiongozi huyo huko Ufipa, waligawanyika. Waliofika nchi ya Ruvuma wakasimamisha dola mbili: Mshope upande wa kaskazini, na Njelu ya ukoo wa Gama upande wa kusini. Mfalme, yaani nkosi, wa Njelu wakati wa vita alikuwa Mputa Gama. Songea alikuwa nduna wake, jemadari na mtawala wa eneo, na nguvu zake zilikuwa kubwa hata wageni wakamwona yeye kabla ya kumwona bwana wake.

Nguvu hizo zilitoka wapi? Hapa ndipo sisi wa pwani tunapoingia katika kisa, tupende tusipende. Majeshi ya Wangoni yalikuwa yakivamia majirani, wakateka watu na kuwafanya sutu, raia wa daraja la chini wasiokuwa na nasaba ya Kingoni. Wengine waliuzwa, pamoja na pembe za ndovu, kwa wafanyabiashara waliokuwa wakipanda kutoka Kilwa na nguo, bunduki na baruti. Kikole, karibu na Songea, palikuwa kituo chao. Shujaa tunayemsifu leo alikua katika mambo hayo, na nguo iliyovaliwa Ungoni ilipita mikononi mwa watu wetu. Anayemwandika Songea kama malaika mwenye mkuki hamtendei haki, wala hawatendei haki Wangindo na Wamatengo, ambao wazee wao walikuwa na kumbukumbu nyingine.

Mwaka 1897 Wajerumani walifika Ungoni na kujenga boma karibu na makazi ya nduna huyu. Boma likaitwa kwa jina lake, na mji ukaufuata wito huo. Wala haikuwa heshima. Walihitaji neno la kuandika katika taarifa zao. Kisha zikaja kodi na kazi za lazima, na mwisho wa uvamizi uliokuwa umewapa manduna utajiri wao. Padre mmoja wa misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, akaichoma moto nyumba ya mahoka ya Mputa huko Maposeni. Kwa mfalme, hilo lilikuwa kama kuchimbuliwa makaburi ya babu zake.

Basi Kinjala alipoleta maji kutoka Ungindo mwaka 1905, hakukuta watu waliolala. Mwanamke mtawala, Nkomanile, alikuwa miongoni mwa waliompokea. Misheni ya Peramiho ikateketezwa Septemba. Oktoba, Kapteni Nigmann akaja kutoka Iringa na bunduki za rashasha, akaishambulia kambi ya Wangoni usiku pale Uwereka. Maji hayakuzuia risasi. Kwa maoni yangu, ukubwa wa Songea unaanzia hapo, si kabla: imani ilikuwa imevunjika, sababu ya kujisalimisha ipo, naye akaendelea kupigana kwa kuvizia, akijificha milimani. Wenyeji huonyesha pango katika kilima cha Chandamali kuwa ndilo lililomhifadhi.

Alikamatwa Januari 1906. Tarehe 27 Februari, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Ungoni kwa pamoja, Mputa Gama akiwamo, na Nkomanile, mwanamke pekee kati yao. Hesabu inayotajwa Songea ni watu 67, waliofukiwa katika kaburi moja. Wengine walibatizwa na padre kabla ya kitanzi. Masimulizi ya wazee husema Songea alitengwa, Wajerumani wakiona atawafaa akiwa hai, naye akakataa kubaki ilhali wenzake wamekwenda. Akanyongwa siku chache baadaye. Hatuna karatasi aliyoiandika yeye. Tulichonacho ni vinywa vya wazee, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokwenda kuvisikiliza mwaka 1968.

Baada ya hapo likaja la njaa. Mashamba yalichomwa na maghala yakatiwa moto kwa makusudi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria watu 75,000 waliokufa katika vita vyote. Mwanahistoria Gilbert Gwassa akakadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi.

Songea ana kaburi lake peke yake, mbali kidogo na lile la halaiki, katika eneo la makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambako kila Februari watu hukusanyika na mikuki na ngao. Kilichozikwa humo ni kiwiliwili. Kichwa, kwa kauli ya ukoo wake, kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Si dai la ajabu: fuvu la Mkwawa wa Wahehe lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 na lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu. La Songea halikuandikwa katika mkataba wowote.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika makumbushoni hapo, akakutana na wajukuu na vitukuu wa Songea Mbano, akainama mbele ya makaburi na kuomba msamaha. Aliahidi kuwa fuvu litatafutwa, akaongeza kuwa hawezi kuahidi litapatikana. Maelfu ya mafuvu yaliyotoka makoloni yalilundikwa katika maghala ya Ujerumani, mengine yakiwa na namba bila jina. Ukoo wa Mbano ulikuwa ukiuliza kabla ya rais huyo kufika, na ulibaki ukiuliza ndege yake ilipoondoka.